Mstari Alioruka Fathia

Machakos mjini
14 Januari 2003

Kwa Wayua, Mama Mutanu,

Habari za Mwala? Hapa sisi ni wazima, ila vumbi limetuzidi na abti Isse amenuna tangu jana. Umeme ulipotea, kompyuta zote sita za dukani kwake zikazimika wateja wakiwa katikati ya kuandika. Wanataka asiwalipishe, naye hataki kusikia. Mimi mpwa wake nimesimama katikati kama refa.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma mara tatu. Kwa hivyo keki ilikubali! Nilipokunakilia yale maneno ya kuoka kwa sufuria, mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, nilisema moyoni, Wayua ataunguza sufuria ya mama mkwe wake tupate kesi. Kumbe mmekata vipande ishirini na viwili na akina mama wa kikundi wakalamba karatasi. Na zile shanga za karatasi za kalenda, umesema zilitoka rangi mvua iliponyesha. Zipakeni vanishi. Mtandao hausemi uongo, ni sisi tu hatuna vanishi.

Sasa lile jambo uliloniuliza pembeni ya barua kwa herufi ndogo, kama mtu anayeiba. Madoa ya uso yaliyobaki tangu umzae Mutanu. Umesema Nzioka hakuyataja alipokuja Desemba, ila alikutazama sana. Nilihuzunika, dada. Nakumbuka tukiwa kidato cha pili, wasichana wote tulikuwa tunaazima kioo chako tukidhani uzuri uko kwa kioo.

Nimetafuta mtandaoni nikapata. Ameandika mama mmoja wa nchi za baridi ambaye hutengeneza kila kitu jikoni mwake. Maneno ni mengi, maana hawa watu hawawezi kukupa dawa kabla hawajakueleza habari za paka wao, kwa hivyo yale yasiyotuhusu nimeyaruka. Dawa yenyewe ni hii.

Kamua ndimu tatu. Changanya na vijiko viwili vya asali. Paka usoni na shingoni, kaa dakika ishirini, halafu futa kwa kitambaa chenye maji. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki. Mwezi mmoja, madoa yanafifia.

Asali siwezi kumfundisha Mkamba. Jaribu, unijibu. Msalimie mama mkwe wako, susu Kalondu. Mwambie yale maziwa ya ngamia aliyoniomba nitayatafuta nikienda Kithimani kwa mama.

Rafiki yako wa dawati moja,
Fathia Yahye


Mwala
25 Januari 2003

Kwa rafiki yangu Fathia,

Salamu kwako na kwa abti wako. Barua yako ililetwa na dereva wa lori la mchanga, imeshikwashikwa lakini haijafunguliwa.

Leo nimepaka kwa mara ya kwanza. Nakuandikia uso ukiwa bado unavuta kwa asali. Nilingoja watu watawanyike nikaenda nyuma ya jikoni na kile kioo, ndicho kilekile. Nilikuwa pia namwogesha Mutanu kwenye karai, maana yule asiposhikwa na kitu anatangaza mambo ya nyumba mpaka barabarani. Akaniuliza, "Mami, unakula asali na uso?" Nikacheka, mikono imejaa ndimu. Nikamnyanyua kutoka kwa maji, nikamwacha akimbie na chupi tu jua limkaushe. Mimi nikaenda uwanjani kupura kunde mpaka saa nane.

Sijamwambia mtu. Hapa kwetu mwanamke akijipamba mume wake akiwa mbali, watu wanaanza kuuliza maswali ambayo si yao. Nzioka bado yuko Mavoko kwenye kazi ya mawe, anakuja katikati ya mwezi ujao. Nataka anikute niko vile alivyonichukua.

Jioni susu alipita akitoka kuteka maji. Alimbeba Mutanu, akamtemea mate ya baraka kifuani kama wazee wetu wanavyofanya, akamwita mama yake, kwa sababu mtoto amepewa jina la mama mzazi wa susu. Unajua mtoto huyu na bibi yake, hata kula hali kabla hajaenda kuchungulia kule kwake. Susu anakushukuru kwa maziwa hata kabla hajayaona.

Wako,
Wayua


Mwala
2 Februari 2003

Fathia,

Sikungoja jibu lako.

Jumatatu niliamka uso unawaka. Jumanne ukawa na malengelenge. Sasa yamepasuka na kuacha michirizi myeusi kutoka shavuni mpaka shingoni. Ingekuwa ni mimi peke yangu ningenyamaza. Lakini ni Mutanu.

Mtoto ana alama za mikono mbavuni. Sikuelezi kitu kinachofanana na mkono, nakwambia vidole. Vinne mgongoni na gumba kifuani, kila upande, vyeusi, na juu yake malengelenge. Jirani yangu Syombua alimwona akiwa bila blauzi, akapiga ukemi mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakaja. Kila aliyekuja alimgeuza mtoto huku na huku. Mutanu alikuwa analia kwa maumivu na wao wanahesabu vidole.

Wamesema ni mkono wa mama mkwe wangu, kwa sababu ndiye aliyembeba jioni ile na kumtemea mate. Wamekumbuka mtoto wa shemeji yangu aliyekufa mwaka jana. Yule alikufa kwa malaria, tulimpeleka hospitali sote, lakini sasa watu wamesahau malaria. Mzee Maundu, ndugu wa marehemu baba mkwe, ameita ukoo Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Wanataka susu ale kithitu. Wewe umekua kati yetu, unajua kile kiapo. Anayekila akiwa na uongo, anakufa yeye na walio wake.

Amekaa kwake, mlango umefungwa. Nilimpelekea uji, akauchukua bila kuniangalia uso.

Fathia, nakuuliza jambo moja. Ndimu tunaikamulia nyama, tunaikamulia chai, haijawahi kumchoma mtu. Kwa hivyo nasema si ndimu. Lakini rudi usome ule ukurasa tena, uniambie kama kuna neno lolote. Hakuna mtu hapa anayejua kwamba nilipaka.

Wayua


Machakos
6 Februari 2003

Wayua mpendwa,

Pole sana, na Mungu amponye mtoto. Nimeusoma ukurasa tena. Hakuna kitu cha kutisha. Ni ndimu na asali tu, kama nilivyokuandikia.

Mpeleke Mutanu zahanati wampe dawa ya kupaka. Nimekufungia qasil kidogo, ule unga wa majani ambao mama zetu huoshea uso, labda utakusaidia wewe. Kuhusu mama mkwe wako, mimi ni mtu wa nje na si vizuri kuingilia mambo ya ukoo. Wazee wataamua kwa busara.

Wateja ni wengi, abti ananiita.

Fathia


Machakos
10 Februari 2003

Wayua,

Barua yangu ya Alhamisi ichome. Nilikudanganya.

Niliufungua ule ukurasa nikiwa na barua yako mapajani. Chini ya asali na ndimu kuna mstari mmoja, tena umeandikwa kwa rangi nyekundu. Unasema: Tumia jua likishatua tu, kisha osha uso na mikono kwa sabuni. Ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huungua, na alama zaweza kukaa miezi.

Si juzi nilipouona mara ya kwanza. Niliuona Januari, na niliuruka makusudi. Nilisema haya ni mambo ya wazungu. Wao ndio huungua juani, si unamkumbuka yule mwalimu wa kujitolea shuleni kwetu, pua yake ilivyokuwa ikibambuka kila Jumatatu? Sisi jua ni letu, tumezaliwa ndani yake. Nikaona nikikuandikia wewe mtu wa Mwala "usitoke juani" utanicheka, utaniuliza kunde zitapurwa na nani. Kwa hivyo nikaruka. Na wewe ulimnyanyua mtoto na mikono yenye ndimu, ukamwacha juani akauke. Vile vidole ni vyako, Wayua. Najua unavyosoma haya unaumia, na mimi naumia kuyaandika.

Kwa nini nikakudanganya? Kwa woga. Katika wasichana wote wa shule nimebaki na wewe tu. Nikajiambia alama zitafifia, wazee watachoka, na wewe hutajua kamwe. Halafu Jumamosi kuna mama Mkamba alikuja hapa kuchapiwa karatasi za kanisa. Nikamuuliza, "Mama, mtu akikataa kula kithitu inakuwaje?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Akikataa amekubali."

Nimemwomba abti anunue wino. Nimeuchapa ukurasa mzima na tafsiri yake nimeiandika kwa mkono, hakuna neno lililobaki nje, hata yule paka yumo. Usome mbele ya ukoo Jumamosi. Wakitaka mtu wa kulaumu, taja jina langu na la baba yangu. Dereva ameapa utaipata kabla ya siku hiyo.

Nisamehe ukiweza. Lakini kwanza msaidie yule mama.

Fathia


Mwala
17 Februari 2003

Fathia,

Barua yako niliipata Ijumaa saa tisa. Usijiambie kwamba ilichelewa.

Tulikutana Jumamosi uwanjani kwa Maundu. Nzioka alikuwa amefika, akaketi kando yangu, amemshika Mutanu mkono. Karatasi zako nilikuwa nimezifunga ndani ya leso kiunoni. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Nilikuwa hata nimechagua mahali pa kusimama.

Walipomwita susu alitoka peke yake. Alivaa nguo ya kanisani. Maundu akamwambia kithitu kiko tayari. Susu akasema, "Mimi nilibatizwa. Siapi kitu kingine. Nimezaa watoto saba, na huyu mdogo nimemlea na mikono hii. Mungu akitaka kunihukumu, kwangu anakujua." Maundu akawageukia watu. "Amekataa. Mmesikia wenyewe amekataa." Watu wakaanza kunguruma.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Akanitazama. Hakuwa na hasira, alinitazama kama mtu ambaye amemaliza kusema na sasa anangoja mwenzake aseme. Nami nikainama nikaanza kumfunga Mutanu vifungo vya blauzi, na vifungo havikuwa vimefunguka.

Unataka kujua kwa nini. Mama ambaye mtoto wake amerogwa huonewa huruma. Wanawake walikuwa wananiletea unga na sukari, wanakaa nami, wananishika bega. Mama aliyemchoma mtoto wake mwenyewe akitafuta uzuri, nani atamhurumia? Na Nzioka alikuwa pale. Niliogopa uso wake. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na sitaipamba.

Jana asubuhi susu alichukua kyondo chake cha mkonge na kigoda chake akaenda Ndithini kwa kaka yake. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Watu walisimama tu kwenye nyua zao wakimwangalia akipita. Kuku wake wanazunguka mlango uliofungwa, na Mutanu tangu jana ananiuliza susu anarudi saa ngapi.

Wewe nimekukasirikia mpaka kichwa kinaniuma. Ungeandika mstari ule mmoja! Na ungeniambia ukweli nilipokuuliza mara ya kwanza, kabla ukoo haujakutana, labda ningekuwa na ujasiri. Lakini ukweli ulinifikia nikiwa na siku nzima ya kuutumia, nikaukalia. Kwa hivyo sijui hata nikukasirikie vipi.

Wayua


Machakos
20 Februari 2003

Wayua dada yangu,

Sina la kujitetea na sitajaribu.

Jumapili hii nakuja Mwala. Nitakwenda kwa mzee Maundu nimweleze mwenyewe. Abti amekataa. Anasema msichana wa Kisomali asiingize mguu katika kesi ya wenyewe, watasema tumewaletea uchawi wa kompyuta na biashara itakufa. Nimemwambia acha waseme, ni afadhali waniseme mimi kuliko yule mama.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini susu Kalondu ni mtu, si maji, na Ndithini kuna njia ya kufika. Nijibu neno moja tu kwa mkono wa dereva: njoo, au usije.

Fathia


Mwala
4 Machi 2003

Fathia,

Nilikujibu "usije" na najua ilikuuma. Ulikuwa unataka kubeba mzigo wangu pamoja na wako. Ukisema wewe, mimi ningebaki nimenyamaza mara ya pili.

Jumapili ile ile Nzioka alikuwa anafunga mfuko arudi Mavoko. Nilimwita chumbani na mtoto. Nikamvua Mutanu blauzi, nikaweka mikono yangu mbavuni mwake, kila kidole juu ya alama yake. Vililingana, Fathia. Sikuhitaji kusema mengi, nikampa tu karatasi zako. Nzioka alikaa kitandani akatazama mikono yangu, kisha akaniuliza jambo moja tu. "Ulikuwa unajua siku ile kwa Maundu?" Nikamjibu, ndiyo. Akatoka. Nilidhani ameenda zake. Kumbe alikwenda kwa Maundu na karatasi zako.

Mzee alisema kesi imekwisha, mama aliondoka mwenyewe. Alisema karatasi za kompyuta zinaweza kuandikwa na mtu yeyote. Basi mimi nikamfuata nikaweka mkono wangu juu ya mtoto mbele yake na mbele ya wake zake. Akageuza uso akaanza kuuliza habari ya mbuzi. Syombua, yule aliyepiga ukemi, sasa akiniona njiani anajifanya kuokota kitu. Nguo zangu nikizianika, wanawake wananyamaza hadi nimalize. Ni sawa. Hayo ndiyo niliyoyaogopa, na nimeona mtu anaweza kuishi nayo.

Jumamosi nilimchukua Mutanu tukaenda Ndithini.

Tulimkuta susu ameketi nje ya jikoni ya kaka yake, anasuka mkonge. Mutanu alimkimbilia kabla sijasalimia. Mimi nilipiga magoti nikamweleza yote bila kuruka: ndimu, karai, jua, barua zako, siku niliyofunga vifungo. Hakuniuliza mtandao ni nini. Alimaliza safu aliyokuwa anasuka. Halafu akamvuta mtoto, akaweka mkono wake juu ya zile alama.

Mkono wake ni mdogo. Kidole cha mwisho kimepinda kwa miaka ya kusuka vyondo, hakinyooki tena. Alama za vidole vyangu zilibaki zikionekana pande zote za vidole vyake, mtu yeyote angeona, hata mtoto. Akasema kwa Kikamba, nami nakuandikia kwa Kiswahili, "Watu wazima wote walimgeuza mtoto huyu wakamwangalia. Hakuna mmoja aliyeniambia, Kalondu, lete mkono tupime. Hata wewe."

Nililia. Yeye hakulia.

Nilimwomba turudi pamoja. Akasema atarudi siku Maundu atakapokuja kumchukua mwenyewe, mchana, apite naye mbele ya nyumba zote alizozipita siku ile akiwa peke yake. Sijui kama Maundu atakuja. Nzioka anasema atamwendea tena Pasaka, na mimi nitakuwa nyuma yake.

Wewe sijamaliza kukukasirikia. Labda nitamaliza kabla ya mvua, labda baadaye. Karatasi nyingine za mtandao usiniletee kwa sasa, lakini barua niandikie. Na yale maziwa ya ngamia, ukiyapata, yapeleke Ndithini wewe mwenyewe, umweleze kwa mdomo wako. Ni haki yake kukusikia.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Mutanu nimemwacha kule. Susu hakuniomba, na mimi sikumwuliza kama anaweza. Nilimpa tu kifuko cha nguo na dawa ya kupaka, akakipokea. Tangu jana nimeulizwa na watu saba mtoto yuko wapi, na wote nimewajibu kwa sauti, pale pale barabarani: yuko kwa susu yake, wanalala kitanda kimoja.

Wayua